Jeraha Lisiwe Barua ya Kuachishwa Kazi



Askari anapojeruhiwa, watu hukimbilia mambo mawili. La kwanza ni kuokoa roho yake, na hivyo ndivyo ipasavyo. La pili, ambalo huja baada ya siku chache, ni kuuliza atalipwa nini. Kati ya hayo mawili lipo la tatu ambalo mara nyingi halina mwenyewe, nalo ni kazi yake. Ni nani aishikaye nafasi yake wakati yu kitandani? Atairudia lini? Na ikiwa hawezi kuirudia ile ile, atashika ipi? Maoni yetu ya leo yanahusu jambo hilo la tatu, nasi twalielekeza hasa kwenu mliomo katika jeshi na polisi, kwa kuwa nyinyi mlipokula kiapo mliahidi kwenda mahali ambapo wengine wanapakimbia, na anayekwenda huko hurudi mara nyingine akiwa amepungukiwa na kiungo.

Mifano haiko mbali. Tarehe 16 Novemba 2021 mabomu yalilipuka hapa Kampala, moja karibu na Kituo Kikuu cha Polisi na jingine katika njia ya Bunge, na miongoni mwa waliojeruhiwa walikuwamo askari polisi waliokuwa zamu. Kwa miaka mingi kaskazini ya nchi iliendelea kuhesabu watu waliokatwa miguu na mabomu ya kutegwa ardhini, mpaka Uganda ilipotangazwa mwaka 2012 kuwa imekwisha kuyaondoa katika maeneo yaliyojulikana. Tangu mwezi Machi 2007 vijana wetu wamekuwa Somalia, ambako adui hupenda kuficha mabomu kando ya barabara. Wala tusisahau ajali zisizo na sifa wala nishani: pikipiki ya doria iliyogongwa usiku, lori la askari lililopinduka, bunduki iliyofyatuka wakati wa kusafishwa. Mguu uliovunjika kwa ajali ya lori hauumi kidogo kuliko uliovunjwa na risasi.

Yupo mtu mmoja ambaye maisha yake yanaweza kutusaidia kuliona jambo hili wazi. Marehemu Jenerali Elly Tumwine ndiye anayetajwa kuwa alifyatua risasi ya kwanza katika shambulio la Kabamba, tarehe 6 Februari 1981. Katika mwaka huo huo alipoteza jicho moja vitani. Lau angalipelekwa mbele ya karani mwenye fomu na mhuri, pengine angaliandikiwa kwamba hafai tena kwa utumishi, kwani ni kanuni gani ya jeshi inayomsajili mpiganaji mwenye jicho moja? Lakini msituni hapakuwa na karani wala fomu. Palikuwa na upungufu wa watu, na upungufu huo uliwalazimisha wenzake watazame kile kilichobaki kwake badala ya kile kilichopotea. Kuanzia mwaka 1984 hadi 1987 alikuwa Kamanda wa Jeshi la NRA. Baadaye alikaa Bungeni akiwakilisha jeshi, akapandishwa cheo kuwa Jenerali, akawa Waziri wa Usalama kuanzia mwaka 2018 hadi 2021. Aliendelea pia na kazi ya uchoraji na uchongaji aliyoisomea Makerere, kazi ambayo mtu angedhani inataka macho mawili kuliko nyingine zote. Alifariki mwezi Agosti 2022, miaka 41 baada ya kujeruhiwa.

Hapo msikilizaji aliye koplo ana haki ya kuuliza: huyo alikuwa afisa na msomi, je, mimi? Swali hilo ni la haki nasi hatutalikwepa. Ni kweli kwamba afisa hubeba kazi yake kichwani, na askari wa kawaida huibeba miguuni na mikononi. Ni kweli pia kwamba mkubwa akijeruhiwa hupata wa kumsemea. Lakini jambo lililomweka Tumwine kazini halikuwa cheo tu. Ni kwamba hakukuwa na pengo la muda kati ya jeraha na kazi. Hakuondoka akakaa nyumbani mwaka mzima akingojea kuitwa. Alipopata nafuu alikuta bado ana mahali pake kati ya wenzake. Na hilo la kutoacha pengo laweza kutendwa kwa koplo kama lilivyotendwa kwa jenerali, tena bila gharama kubwa.

Tuitazame sasa sheria. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inasema kwamba mfanyakazi aliyepata ulemavu kamili wa kudumu kwa sababu ya kazi atalipwa fidia iliyo sawa na mapato yake ya miezi 60. Ikiwa ulemavu wake ni wa sehemu, hulipwa asilimia fulani ya kiasi hicho kwa kadiri ya kiungo kilichoharibika. Sheria hiyo haiwahusu askari wa jeshi walio katika utumishi, ambao wana taratibu zao wenyewe. Lakini hesabu yake yafaa kutazamwa na kila mmoja wetu, kwa sababu fikra iliyomo ndani yake imeenea kote, kambini na uraiani.

Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa umri wa miaka 30, mwenye mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi, ambaye ulemavu wake umekadiriwa kuwa asilimia 40. Miezi 60 ya mshahara wake ni shilingi milioni 36, na asilimia 40 yake ni shilingi 14,400,000. Kwa mtu ambaye hajapata kushika milioni moja kwa pamoja, hizo ni fedha nyingi mno. Ndugu watakuja, deni la duka litalipwa, labda bati litaezekwa. Lakini zihesabuni kwa miezi. Ni mshahara wa miezi 24 tu. Mtu huyo ana miaka 30 mbele yake kabla ya kufikia miaka 60, umri wa kustaafu katika utumishi wa serikali. Miaka miwili imelipwa. Miaka 28 haikulipwa na mtu yeyote. Ama akibaki kazini katika kazi aiwezayo, fidia yake huwa ni fidia kweli, yaani malipo ya kile alichopoteza, wala haiwi posho ya kuagwa.

Tena mshahara si kitu pekee apotezacho mtu anapotoka kazini. Askari polisi anayekaa Nsambya au Naguru anajua kwamba akiondoka katika utumishi huondoka pia katika nyumba ya kambini. Mke huacha genge lake dogo la nyanya na mkaa, watoto huacha shule iliyo karibu, na familia nzima huhamia kijijini, ambako wengine hawajakaa tangu utotoni. Kazi ya shambani inayomngojea huko ndiyo hasa inayotaka miguu na mgongo. Kwa hiyo mtu aliyeambiwa kwamba hawezi kusimama zamu ya saa nane katika njia panda ya Wandegeya hupelekwa mahali ambapo atatakiwa kushika jembe. Sisi twaona ajabu katika uamuzi huo, ingawa umefanywa mara nyingi kwa nia njema.

Sasa tuje kwenye kiini cha maoni haya, nacho ni muda.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi mgonjwa au aliyejeruhiwa mshahara kamili wa mwezi wa kwanza asipoweza kufanya kazi. Unapokwisha mwezi wa pili naye hajapona, mwajiri ana haki ya kuuvunja mkataba, mradi atimize masharti yaliyomo. Mahali pengine katika sheria hiyo hiyo imeandikwa kwamba kutokuwapo kazini kwa muda usiozidi miezi mitatu kwa sababu ya maradhi au jeraha si sababu ya haki ya kumfukuza mtu. Miezi miwili huku, miezi mitatu kule. Mawakili watafute wenyewe namna ya kuzipatanisha. Sheria hiyo pia haiwahusu askari wa UPDF, ila watumishi raia walioajiriwa na jeshi.

Lakini mfupa haujui sheria. Mfupa wa paja uliovunjika huchukua miezi mitatu hadi sita kuungana, na zaidi ikiwa jeraha liliingia uchafu. Aliyekatwa mguu hana budi kungoja kidonda kikauke na uvimbe upungue ndipo apimwe mguu wa bandia, kisha ajifunze kutembea upya kama mtoto. Apitapo mwaka mmoja akiwa anatembea vizuri bila kushikwa, amefanya vema. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba uamuzi wa kumwondoa mtu kazini unaruhusiwa kufanywa wakati ambao hakuna daktari awezaye kusema kwa yakini kitakachobaki na kitakachopotea. Mtu huhukumiwa akiwa katika hali yake mbaya kuliko zote, angali na bendeji, na hukumu hiyo hudumu maisha yake yote.

Nchi nyingine zimeligundua jambo hili baada ya kupoteza watu wengi. Katika Ujerumani, tangu mwaka 2004, mfanyakazi akikosa kazi kwa ugonjwa zaidi ya wiki sita katika muda wa mwaka mmoja, mwajiri hulazimika kumwalika waketi pamoja na kuzungumza: atarudije, kazi ipi ibadilishwe, ni msaada gani unaotakiwa ili nafasi yake isipotee. Kwa hiyo karibu na wakati ule ule ambao sheria yetu inampa mwajiri ruhusa ya kuagana na mtu, sheria yao inamwamuru aketi naye. Tofauti hiyo haihitaji utajiri wa Ujerumani. Inahitaji viti viwili na nusu saa.

Wala hatuzungumzi jambo geni kwa serikali yetu. Uganda iliridhia mwaka 1990 Mkataba wa Shirika la Kazi la Kimataifa namba 159, uliopitishwa mwaka 1983, ambao unataka mlemavu awezeshwe kupata kazi inayofaa, kuishika na kuendelea mbele katika kazi hiyo. Neno hilo la katikati, kuishika, ndilo linalosahauliwa. Mwaka 2008 tuliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Watu Wenye Ulemavu, na kifungu chake cha 27 kinataja waziwazi mipango ya kuwafanya watu wabaki kazini na kurejea kazini. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 imekataza ubaguzi katika ajira. Na Katiba ya mwaka 1995 imeweka Bungeni wawakilishi wa jeshi na wawakilishi wa walemavu. Askari aliyekatwa mguu ana watu wa kumsemea katika safu zote mbili, kama wakikumbuka kwamba yeye ni wao.

Basi kamanda afanye nini, na mkuu wa kituo afanye nini?

Aanze na kumtembelea. Twasema hivyo kwa makusudi, kwa kuwa watu hudhani jambo hili linaanza na fedha. Askari aliyelala Mulago au Mbuya wiki tatu bila kuona sare ya kikosi chake hujiuliza kama bado ni wa kikosi hicho. Anapofika mjumbe wa mkubwa wake na kumwambia, “Afande amesema jina lako bado lipo katika orodha, na utakaporudi tutakaa tuone,” mgonjwa huyo hupata nguvu ambayo muuguzi hawezi kuitia katika sindano. Mawasiliano hayo yaandikwe, yawe na tarehe, yasitegemee hisani ya mtu mmoja ambaye kesho aweza kuhamishwa Arua au Moroto.

Baada ya hapo kazi yenyewe ichambuliwe vipande vipande. Tukisema “polisi” twaona mtu anayekimbia. Lakini nendeni katika kituo chochote mkatazame. Yupo anayepokea mashtaka kaunta na kuandika katika kitabu cha matukio. Yupo mtunza silaha, anayehesabu bunduki zinazotoka na zinazorudi, kazi ambayo mtu mmoja mwangalifu ni bora kuliko wepesi watano. Wapo wapelelezi wanaopanga mafaili ya mahakama, na sote twajua ni kesi ngapi zimeanguka kwa faili lililopangwa ovyo. Yupo anayepokea simu za 999. Tangu mwaka 2018, kamera za usalama zilipoanza kufungwa katika njia za Kampala, umekuwapo pia utumishi wa kuzitazama, na kituo chake kikuu kiko Naguru. Kazi hiyo hufanywa kwa macho na kwa kuijua mitaa. Sajini aliyetembea Kisenyi na Katwe miaka kumi kwa miguu yake, akiketi mbele ya kioo hicho, ataona jambo ambalo kijana aliyetoka shule ya mafunzo mwezi uliopita hatalitambua.

Jeshini ni vivyo hivyo: mawasiliano ya redio, stoo, karakana ya magari, mafunzo. Hasa mafunzo. Mtu aliyekanyaga bomu akanusurika anaweza kuwafundisha kuruta habari ya mabomu kwa namna ambayo haimo katika kitabu chochote.

Hapa lakini tutoe tahadhari moja. Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili walikuwa na sheria ya mwaka 1944 iliyowataka waajiri wenye watu 20 au zaidi wawe na walemavu asilimia tatu kati ya wafanyakazi wao. Ilikuwa sheria yenye nia nzuri. Lakini sheria hiyo hiyo ilitenga kazi mbili ziwe za walemavu peke yao, nazo zilikuwa kuendesha lifti na kulinda maegesho ya magari. Mtu aliyeongoza kikosi katika jangwa la Libya alijikuta akibonyeza kitufe cha kupandisha makarani orofani. Sisi tusifanye hivyo. Kumpa sajini mwenye ujuzi wa miaka 15 kazi ya kufungua lango, kisha kusema tumemtunza, ni kumwondoa kazini huku tukimwacha getini. Kazi anayopewa iwe na haja ya kweli, iwe na cheo, na mlango wa kupandishwa cheo na wa kwenda kozi uwe wazi kwake kama kwa wengine.

Kuna wakubwa ambao wanasikiliza maneno haya na kutikisa kichwa. Watasema jeshi si hospitali, na kwamba kikosi kinaweza kuitwa usiku kiondoke alfajiri. Wana hoja, na hoja yao nzito zaidi ni hii: kazi za ofisini ni chache, nazo ndizo mahali ambapo askari aliyechoka kwa zamu ndefu za mstari wa mbele hupumzishwa. Zote zikishikwa na majeruhi, basi mzima atakaa mstari wa mbele bila zamu, mpaka naye ajeruhiwe. Hilo ni la kweli, na hakuna jibu jepesi. Jibu la nusu ni kwamba si kila majeruhi anahitaji kazi ya kuketi. Mwaka 2005 nahodha mmoja wa Marekani, David Rozelle, aliyekatwa mguu baada ya gari lake kukanyaga bomu huko Iraq mwaka 2003, alirudi huko huko kuongoza askari akiwa na mguu wa bandia. Hatusemi kila mtu awe kama yeye. Twasema apimwe kwanza, kisha ndipo isemwe anaweza nini. Nusu nyingine ya jibu ni kuhesabu: kila kikosi kijue kina nafasi ngapi za namna hiyo, ni ngapi za kuzungushwa na ni ngapi zinazoweza kushikwa na mtu mmoja kwa miaka mingi. Mahali ambapo hesabu hiyo haikufanywa, nafasi hizo huangukia wenye jamaa makao makuu, nao ni wazima wa viungo vyote.

Mguu wa bandia nao una mambo yake ambayo mkubwa wa kazi yampasa kuyajua. Mwaka wa kwanza kigutu hupungua unene, na kikombe cha mguu kilichokuwa kikikaa vizuri mwezi wa Januari huwa kimelegea mwezi wa Juni. Jasho na joto hufanya vidonda. Kwa hiyo mtu hulazimika kurudi kwa fundi mara kwa mara, na siku hizo zihesabiwe kuwa siku za kazi, si utoro. Baada ya miaka mitatu hadi mitano mguu wenyewe huchakaa, ukahitaji mwingine. Hapa Kampala hatuanzi leo katika ufundi huu. Katika miaka ya 1960 Profesa Ronald Huckstep, aliyekuwa akifundisha upasuaji wa mifupa Makerere na kutibu Mulago, alionyesha kwamba vyuma vya kusaidia miguu ya watoto waliopooza vingeweza kutengenezwa hapa hapa kwa vifaa vya kawaida na kwa bei ndogo, badala ya kuagizwa ng’ambo na kungojewa miezi. Somo hilo la kutumia kilichopo linafaa kambini pia. Ngazi mbili za mlango wa ofisi hugeuzwa mteremko kwa mfuko mmoja au miwili ya saruji. Choo cha shimo hupata kiti cha mbao kwa fundi seremala yeyote. Meza huinuliwa kwa matofali. Pamoja na hayo, mtu aanze kwa nusu siku kwa wiki chache, aongeze kidogo kidogo; kumtaka afanye zamu nzima siku ya kwanza ni njia ya hakika ya kumrudisha wodini.

Yako pia majeraha yasiyoonekana. Aliyepigwa na mshindo wa bomu aweza kurudi na viungo vyake vyote, lakini hasahau kelele, halali usiku, hasira zake ziko karibu, na mambo ya jana hayakumbuki. Mwenye magongo hupishwa njia. Huyu huitwa mlevi au mvivu, akapelekwa mahabusu ya kambi badala ya kliniki. Madaktari wa Butabika wanayajua maradhi hayo, nayo yana matibabu. Silaha iondolewe mikononi mwake kwa muda bila kumwaibisha, apewe kazi yenye utulivu, na mkubwa wake azungumze na daktari kabla ya kuandika hati ya mashtaka.

Na wale ambao kweli hawawezi kuendelea katika utumishi? Wapo, na si haki kuwadanganya. Jeshi letu lina kituo chake cha majeruhi Mubende, ambako mtu hutunzwa na kufundishwa stadi za mikono. Mafunzo ya namna hiyo yana faida yakiwa na mwisho, yaani yakimfikisha mtu katika kazi yenye mshahara au biashara yenye wateja. Kati ya mwaka 1992 na 1995, jeshi lilipopunguzwa kwa zaidi ya watu 30,000, Bodi ya Kuwasaidia Maveterani iliwapa walioondoka fungu la kuanzia maisha. Hilo lilikuwa jema, lakini fungu la kuanzia huisha, na asiyeweza kulima halimfai kwa namna ile ile linavyomfaa mwenzake mzima. Jirani zetu Watanzania walichukua njia nyingine kwa wafanyakazi wao: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015 chini ya sheria ya mwaka 2008, hukusanya michango ya waajiri wote, na pamoja na kulipa fidia hugharimia huduma za utengemao, yaani kumrudishia mtu uwezo wa kufanya kazi. Kwetu mzigo umebaki kwa mwajiri mmoja mmoja na bima yake. Mwajiri mdogo akikwepa, majeruhi huhangaika peke yake kwa afisa wa kazi na mahakamani. Wabunge wetu wangefanya vema kuutazama mpango wa jirani.

Mwisho twazungumza nawe uliyejeruhiwa, au ambaye waweza kujeruhiwa kesho. Usingoje kuitwa. Jeraha liandikwe siku ile ile katika kitabu cha kikosi au cha kituo, likiwa na saa, mahali, amri uliyokuwa ukiitekeleza na majina ya walioona, kwa maana baada ya miaka miwili mashahidi watakuwa wametawanyika. Kila karatasi ya hospitali, picha ya eksirei na barua ya daktari ifanyiwe nakala mbili: moja ikae kwako, moja kwa mkeo au mumeo, au kwa ndugu unayemwamini nje ya kambi. Kabla hujafikishwa mbele ya baraza la madaktari, mwombe daktari wako aandike unayoweza kufanya, si yale usiyoweza tu. Wengi hawaandiki hayo kwa sababu hakuna aliyewauliza. Nawe uandike barua kwa mkubwa wako ukitaja kazi mbili au tatu za kikosini unazoziweza, ukieleza umezifanya wapi na kwa muda gani. Iandike mapema, ungali wodini, na anayeipeleka arudi na nakala iliyotiwa sahihi na tarehe ya kupokewa.